Mama Sidi Garama, Aliyevitoa Vibuyu Nyumbani

Wazee wetu, wakwe, ndugu wa kanisa, na nyinyi majirani wa Bodo mliolala njiani ili mfike, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja. Mimi naitwa Kadzo, mke wa Kaingu. Wasifu huu ulikuwa usomwe na Kaingu, mwana wa marehemu, lakini amesema sauti yake haitafika mwisho wa karatasi. Na marehemu mwenyewe alikwisha kusema kwamba katika nyumba hii mwenye mdomo ni mimi. Katekista aliyeupiga taipu amenionya nisiongeze maneno yasiyoandikwa. Nitajaribu.

Marehemu Mama Sidi Garama alizaliwa hapa Ndavaya mwaka wa 1898, mwaka wa njaa kubwa. Mwezi haukuandikwa na mtu. Alichoambiwa na mama yake ni kwamba alizaliwa asubuhi, saa ya kukamua, katika boma lililobakiwa na ng'ombe mmoja tu mwenye maziwa, na kwamba maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowavusha mama na mtoto mpaka mvua iliponyesha. Habari hiyo ilimkaa moyoni. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake aliamini kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kudhuriwa na maziwa.

Shule hakuiona akiwa mtoto. Alijifunza kusoma mwaka 1936, mtu mzima mwenye watoto, katika darasa la ubatizo la kanisa letu, akabatizwa tarehe 25 Desemba 1937. Alisoma kwa kidole na kwa sauti, na akifika kwenye neno gumu aliliruka, akisema Mungu mwenyewe analijua. Katika Injili aliipenda ya Luka, kwa sababu, alisema, huyo aliwakumbuka wanawake na watoto wachanga. Alipoulizwa na mchungaji ni sehemu gani inamgusa zaidi, alijibu kwamba ni pale Yairo alipoambiwa ampe binti yake chakula. Wengine wote pale darasani walikuwa wametaja msalaba.

Aliolewa na Mzee Nzai mwaka 1916. Walijaliwa watoto watatu: Rai, Mbodze, na kitinda mimba wao Kaingu, aliyezaliwa mwaka 1926. Mzee Nzai alifariki tarehe 3 Februari 1946. Ndugu zake walipendekeza ng'ombe wagawanywe kwa kuwa mwanamke hataliweza zizi. Marehemu aliwasikiliza kwa adabu, akawapa maziwa wanywe, na walipomaliza kunywa akawauliza maziwa hayo yamekamuliwa na nani na kutunzwa na nani. Wakaenda zao. Ng'ombe hawakugawanywa.

Kazi yake basi ilikuwa ng'ombe. Alijua kufukiza kibuyu kwa mkaa wa mti unaofaa hata maziwa yakatoa harufu ambayo watu waliitambua kabla hawajafika mlangoni. Vibuyu vyake vilining'inia ndani ya nyumba, ukutani upande wa kitanda chake, na hakuna mgeni aliyetoka humo na koo kavu. Ukiyakataa maziwa yake ulikuwa umemkataa yeye. Nilipoletwa hapa kama bibi harusi, Agosti 1951, nilikunywa mpaka nikashindwa kuinama. Mimi nimezaliwa Bodo, baba yangu alikuwa mkata boriti katika mikoko, na kwetu maziwa tuliyoyajua ni tui la nazi. Marehemu alinihurumia sana kwa jambo hilo. Aliwaambia majirani kwamba mkaza mwana wake amelelewa kwa shida.

Sasa nafika mahali ambapo katekista aliniuliza kama nina hakika nataka pasomwe. Nina hakika. Marehemu mwenyewe alitaka.

Mtoto wetu wa kwanza, tuliyempa jina la babu yake Nzai, alizaliwa Bodo kwa mama yangu Kahaso tarehe 9 Mei 1952, kama ilivyo desturi ya mzaliwa wa kwanza. Alinyonya vizuri, akanenepa. Arobaini ilipopita nilirudi naye Ndavaya, na marehemu akatupokea kwa namna alivyojua yeye kupenda. Mimi nilipewa maziwa asubuhi na jioni, na samli kwenye uji, ili ziwa lijae. Mtoto alilambishwa maziwa ya ng'ombe kwa kidole cha nyanya yake, aingie katika boma kama mtu wa boma, na baadaye akapewa kwa kijiko. Haikupita muda akaanza kutapika. Tumbo likaendesha, kinyesi kikawa na nyuzi za damu. Alipokonda, tulifanya ambalo mtu yeyote wa Ndavaya angelifanya: tukamwongeza maziwa. Alifariki tarehe 2 Novemba 1952. Amezikwa pale, nyuma ya zizi. Leo nyanya yake atalala karibu naye.

Maneno yalikuwa mengi. Watu wa huku walisema mtoto amebemendwa, yaani mimi na Kaingu hatukuvumilia kulala mbalimbali wakati wa kunyonyesha. Naomba radhi kwa wakwe, lakini ndivyo tulivyosemwa, na kwa sauti. Watu wa Bodo nao walisema ndani ya boma hili kuna mkono mbaya. Marehemu alifanya kitu kimoja, alilala mlangoni mwangu mwezi mzima, kwa sababu alimsikia mtu akinisema kisimani na alitaka atakayekuja kunisema tena aanze kumruka yeye.

Mtoto wetu wa pili, msichana, alizaliwa Bodo tarehe 6 Juni 1954. Kwa desturi alipewa jina la nyanya yake, Sidi. Tangu siku hiyo wakawa masomo, yaani watu wa jina moja, na marehemu hakumwita kwa jina lingine ila somo. Alimtengea na ndama jike mwekundu. Nilirudi Ndavaya mwezi Agosti, na yakawa yale yale. Kidole cha kulambisha, kijiko, matapishi, damu. Mtoto akawa na uso wa mzee. Mama yangu alipopata habari alipanda kutoka Bodo, akaingia nyumbani kwa marehemu, akamsalimu kwa heshima zote, akamchukua mtoto mgongoni na mimi mkononi, tukaondoka. Kule Bodo mtoto akapona kabla mwezi haujaisha.

Hapo mama yangu akatuma neno. Kadzo anaweza kurudi kwa mumewe akitaka, lakini mtoto hatapanda tena Ndavaya, kwa sababu mkono wa nyanya yake si mzuri. Mnaelewa uzito wa neno hilo. Lilimaanisha kwamba mama mkwe wangu ni mchawi, na kwamba ameshamla mjukuu mmoja na anamtaka wa pili. Kaingu alikasirika, akasema basi ndoa na ife. Mimi nilikuwa Bodo, nimekaa na mtoto aliyepona, na nawaambieni kweli, sikujua nimwamini nani.

Marehemu alisema atakwenda mwenyewe. Kaingu alimkataza, akamwambia watamtukana. Akajibu, "Wakinitukana nitakuwa nimemwona somo yangu." Akapanda lori la Kwale, akalala Ukunda kwa mtu wa kanisa, akaingia Bodo siku ya pili yake akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Na kwa kuwa hakuwahi maishani mwake kwenda kwa mtu mikono mitupu, alikuja na kibuyu cha maziwa na chupa ya samli.

Mama yangu alimkaribisha kama inavyopasa. "Shusha mzigo, mkwe. Habari za safari?"

"Njema, mkwe. Za hapa?"

"Njema. Mtoto hajambo sasa."

Neno hilo "sasa" lilikaa baina yao kama mtu wa tatu. Marehemu alinimiminia maziwa, na mimi kwa heshima nikanywa. Akamwomba mama yangu ruhusa ampakate mtoto. Mama alimtazama sana, kisha akampa, kwa kuwa watu walikuwapo na ingekuwa aibu kukataa. Marehemu alimpakata, akamwimbia, na akamlambisha kijiko kimoja cha maziwa, ndiyo salamu aliyoijua.

Alasiri mtoto alianza kutapika. Akatapika mpaka akalegea, na jirani yetu Biasha, aliyekuja kusaidia, akasema kwa sauti mbele ya uwanja mzima, "Mmeona wenyewe. Mwanamke kafika asubuhi, mtoto hoi jioni." Biasha yuko hapa leo, amekaa pale na wapishi, na ameniruhusu nilisome neno lake kama alivyolisema.

Nilimtazama mama mkwe wangu. Nilidhani atalia, au atajibu, maana ulimi alikuwa nao. Alikuwa anakitazama kile kijiko mkononi mwake. Kisha akamwambia mama yangu, polepole, "Mkwe, mimi nimekuja hapa na mikono na kibuyu. Vyote viwili vimemgusa mtoto. Mnasema ni mikono. Tukitupe kibuyu, mikono ibaki, tuone."

Mama yangu ni mtu mgumu, na anajua, nimemwambia hivyo mara nyingi. Lakini ni mtu wa haki. Alisema, "Kwanza hospitali. Halafu tutaona." Tukaenda Msambweni sisi wanne, mimi, mama zangu wawili, na mtoto akiwa mgongoni kwa mama yangu.

Nesi aliyetupokea anaitwa Mwanasha. Mtoto alipewa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, na alipotulia nesi akauliza anakula nini, na mimi ninakula nini. Tukamweleza yote, Bodo na Ndavaya. Akasema wamewahi kuletewa watoto wachanga ambao tumbo lao haliyataki maziwa ya ng'ombe, na kwamba daktari ameeleza kuwa wengine hudhurika hata yakipitia kwa mama anayenyonyesha. Hakusema ana hakika. Akasema, "Acheni maziwa yote na samli, mtoto na mama. Ziwa la mama aendelee nalo. Tumbo lake limekataa maziwa, halijakataa watu."

Marehemu alimwuliza, "Na yule wa kwanza?"

Mwanasha hakuelewa. Nikamweleza habari za Nzai mdogo. Nesi akasema, "Bibi, hakuna aliyekuwa anajua." Marehemu alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya hospitali, akajifunika leso usoni. Mama yangu ndiye aliyemfuata. Sikusikia waliyosemezana, na hawakuniambia kamwe, ila waliporudi ndani mama yangu alimfungua mtoto mgongoni, akamfunga mgongoni kwa mkwe wake, na ndivyo tulivyorudi Bodo.

Marehemu alikaa Bodo kuanzia mwezi Oktoba mpaka karibu na Krismasi. Kibuyu alikipasua mwenyewe. Samli mama yangu alipaka nywele. Kila siku marehemu alimwogesha mtoto, akampakata, akamlaza, kwa ile mikono iliyosemwa, na watu wakawa wanapita kutazama kana kwamba wana shughuli. Mtoto akanenepa. Siku moja Biasha alikuja na mjukuu wake mwenye homa, akamkabidhi marehemu ampakate wakati yeye anachota maji. Hakuomba msamaha kwa maneno. Marehemu alisema hayo yalimtosha.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, kurudi na mtoto huyo katika boma la ng'ombe. Marehemu alitangulia. Tulipofika tulikuta vibuyu vyote vimetolewa nyumbani, vimetundikwa langoni kwa zizi. Tangu siku hiyo maziwa hayakuvuka mlango. Aliyetaka kunywa alikunywa langoni amesimama, akasukutua, akanawa mikono, ndipo aruhusiwe kumshika mtoto. Mnakumbuka jinsi wengi wenu mlivyonuna. Mzee mmoja, yuko hapa na simtaji, alisema mama Kaingu amekuwa mchoyo uzeeni. Marehemu alimjibu, "Kunywa kibuyu kizima, ndugu yangu, lakini kunywa na ng'ombe." Kuna na mwenye nyumba mmoja aliyedhani mbuzi ni jambo jingine, akamlambisha mtoto maziwa ya mbuzi kwa siri. Mtoto akatapika, na mwenye nyumba huyo, Kaingu, akakaripiwa na mama yake mbele ya wachungaji wake wa ng'ombe.

Mtoto alipofikia umri wa kula, Mwanasha alituambia tumpe chakula kipya kimoja kimoja, tungoje tuone. Marehemu akakipanga chakula kwa chete, siku yetu ya soko. Chete hii ndizi, chete ijayo uji wa mtama, inayofuata viazi vitamu, halafu mchuzi wa samaki mkavu aliyetumwa na mama yangu. Kikikubaliwa, kinabaki. Mwaka huo ndipo alipojifunza kukuna nazi. Mama yangu alimletea mbuzi ya kukunia, na marehemu akasema huyo ndiye mbuzi pekee aliyewahi kuingia boma lake bila kula majani. Alijikata kidole mara nyingi, akatia tui kwenye kila kitu hata pale ambapo halikuhitajika, na mtoto akala. Wanawake wengine wenye watoto wa kutapika wakaanza kuja kumwuliza. Hakujifanya mganga. Aliwaeleza yaliyompata, hata habari ya Nzai mdogo hakuificha, kisha akawapeleka Msambweni. Baadhi ya watoto hao wamo kwenye uwanja huu, wanapiga kelele pale nyuma.

Kila wakati mtoto wetu alipolilia maziwa akiona ndama wananyonya, marehemu alimwambia neno moja: "Tumbo lako limekataa, somo. Si wewe. Ngoja, litakubali." Mimi sikuwa na hakika kwamba litakubali. Nadhani hata yeye hakuwa nayo, lakini alilisema kila mara kwa namna ile ile.

Mwezi Julai 1957, mtoto akiwa na miaka mitatu, alipatikana langoni amejifunika kibuyu usoni na maziwa yanamtiririka kifuani. Nilipiga kelele. Marehemu alimchukua, akakaa naye kivulini, akamtazama kutwa nzima bila kula wala kuongea na mtu. Mtoto hakutapika. Alilala, akaamka, akaomba tena. Marehemu hakuamini, tukashuka Msambweni, na Mwanasha akacheka akasema watoto wengi hukua wakaachana na shida hiyo, tumpe kidogo kidogo. Jioni tuliyorudi, vibuyu vilirudi ukutani upande wa kitanda, na yule ndama mwekundu, ambaye sasa alikuwa ng'ombe mwenye ndama wake, akakamuliwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mwenyewe, yule mtoto.

Marehemu alianza kuugua mwezi Aprili mwaka huu wa 1959. Mei tulimpeleka hospitali ya Msambweni, wakaona uvimbe tumboni, wakatueleza bila kutuficha kwamba hautatibika. Aliomba arudishwe nyumbani. Uji ulimshinda, kisha supu, na mwishowe hata maziwa yake mwenyewe aliyatapika. Hilo lilimhuzunisha kuliko maumivu. Aligeuza uso, asivitazame vibuyu ukutani.

Mjukuu wake, ambaye sasa ana miaka mitano, alikuwa amekaa kitandani kwake. Aliona alivyogeuza uso. Akateremka, akaburuta kigoda mpaka ukutani, akavitungua vibuyu kimoja kimoja, akavibeba mpaka langoni kwa zizi. Hakuna aliyemtuma. Kila akirudi alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo. Alipomaliza alipanda tena kitandani, akashika uso wa nyanya yake kwa mikono miwili na kumwambia, "Somo, tumbo lako limekataa. Si wewe."

Marehemu alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, Kaingu alikisikia akiwa zizini. Baada ya hapo hakugeuza uso tena. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 11 Agosti 1959, saa ya kukamua, mjukuu wake akiwa amelala ubavuni kwake.

Ameacha mwana, Kaingu. Binti zake Rai wa Samburu na Mbodze wa Waa. Mimi mkaza mwana wake. Mkwe wake Kahaso wa Bodo, ambaye tangu juzi hajaachia mkono wa kitanda hiki. Wajukuu saba, wakiwamo Sidi na mdogo wake Garama, aliyezaliwa mwaka jana na anayekunywa chochote. Na ng'ombe wake, ambao hawatagawanywa. Ametanguliwa na mumewe Nzai na mjukuu wake Nzai mdogo, na leo wanampokea.

Vibuyu bado viko langoni. Tukitoka kaburini, mtoto Sidi atavirudisha ndani, na kila mmoja wenu atakunywa amekaa, ndani ya nyumba, kama alivyotaka mwenye nyumba. Mama, mikono yako ilikuwa mizuri. Ilaze sasa, upumzike kwa amani.